Mikono Miwili ya Kushoto

Hospitalini walimwita Mama Sindano, na usije ukadhani alikuwa akimchoma mtu. La hasha! Yeye alikaa mapokezi, akiandika majina ya wagonjwa na kuwaonyesha milango. Jina lilitokana na cherehani yake ya nyumbani. Shida ni kwamba watoto hawakuelezwa hivyo. Mtoto akisikia "twende kwanza kwa Mama Sindano," anaangua kilio kutoka getini, na yeye inabidi atoke nyuma ya dirisha lake, ainame, aonyeshe pindo la gauni lake: "Tazama, baba, sindano yangu inachoma vitambaa tu. Binadamu siwagusi."

Alijishonea kila alichovaa. Wahenga wanasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu alijinyoa mpaka upara. Gauni la kazini, sketi ya sokoni, blauzi ya msibani, hata vazi la kulalia, vyote vilitoka kwenye kile chumba cha nyuma chenye cherehani ya kukanyaga. Madukani aliingia kutazama tu. Anachukua nguo, anaigeuza ndani nje, anakagua mishono, anaguna, anairudisha, anatoka. Wauza nguo walimjua na hawakumpenda.

Ujanani aliwahi kumpelekea fundi kitambaa chake kizuri cha maua. Akarudishiwa gauni ambalo bega moja linakwenda sokoni na jingine linarudi. Alilia, akaapa: mkasi wa mtu mwingine hautagusa tena kitambaa chake maadamu yu hai. Na alikuwa mtu wa kushika kiapo, jamani, hasa kiapo cha ubishi.

Mtindo alioupenda ulikuwa mmoja. Mama yake mzazi, aliyemfundisha kushona, alimkatia karatasi za kukatia gauni kutoka kwenye mfuko wa saruji, ile karatasi nene ya kahawia isiyochanika ovyo. Gauni la kiuno kilichobana kidogo, kola ndogo, mikono mirefu. Mama na binti walikuwa na umbo moja, kana kwamba walipimwa kwa futi moja, kwa hiyo karatasi zile zilimfaa kila mmoja wao. Alikuwa amezitumia kukatia magauni mpaka kingo zikawa laini, lakini ukimwambia akate mpya anakutazama kama umemtukania ukoo.

Vitambaa vyake navyo vilijaa kabati. Hiki alikinunua safarini, hiki alipewa na shoga yake aliyehama, hiki kilikuwa pazia la nyumba ya zamani na hakutaka kuachana nalo. Kila kimoja kilikuwa na zamu yake ya kushonwa. Isipokuwa kimoja.

Hicho alikiweka juu kabisa ya kabati, ndani ya foronya. Kilikuwa bluu iliyokolea, na mbayuwayu wadogo weupe wanapaa, wote wakielekea juu. Mama yake alimpa alipoanza kazi hospitalini, alipokuwa msichana mwembamba wa viatu vya kuazima. "Kishone," mama alimwambia. Naye akajibu kwamba atakishona siku yake ikifika. Akaolewa, siku haikufika. Akazaa, siku haikufika. Watoto wakakua wakaenda na maisha yao, na mbayuwayu wako vilevile juu ya kabati, hawajapaa hata hatua moja. Akiba haiozi, eti. Ni kweli, lakini mwenye kuitazama anazeeka.

Na aliyezeeka ni mama. Macho yake yalikuwa yanaaga. Madaktari walishafanya walichoweza, na sasa vitu vya mbali kwake vilikuwa ukungu mtupu. Alikuwa akiviona vya karibu tu, vya kuleta mpaka puani. Siku moja alipiga simu, na mama huyu hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Nasikia unastaafu."

"Ndiyo, mama. Wananiandalia sherehe ya kuniaga. Nataka uje."

"Nitakuja. Utavaa nini?"

Mama Sindano akatazama juu ya kabati. Alishajua swali linalofuata.

"Mimi nilikupa kitambaa," mama akasema, "sikukupa pambo la kabati. Nataka kukiona kikiwa gauni kabla sijafika pa kuambiwa 'mama, hii ni bluu.' Au unangoja niwe marehemu ndiyo ukate?"

"Mama, usiseme hivyo!"

"Basi kata, nisiseme."

Simu ikakatwa. Mama Sindano alikaa kitandani. Alijiona mjinga mkubwa. Kumbe siku aliyokuwa akiingojea miaka yote ilikuwa na macho, na macho hayo yalikuwa yanafumba. Akainuka palepale, akavuta kigoda, akapanda kuchukua foronya.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha juu ya kabati hawakumwambia kitu, na hiyo ni dosari yao. Kigoda kilicheza, mguu wake mmoja ukasalimu amri, na Mama Sindano akashuka kama gunia. Angeweza kujishika. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeikumbatia foronya, na ilipobidi achague kati ya kitambaa na mkono, aliangukia mkono. Kitambaa hakikupata hata vumbi. Mkono wa kulia ulivunjika juu ya kifundo.

Hospitali yake mwenyewe ilimfunga plasta, kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, nyeupe, nene kama bomba la maji. Vijana wa chumba cha plasta wakamtania kwamba leo Mama Sindano ndiye analia. Alilia kweli, ila si kwa maumivu. Sherehe ilikuwa mlangoni, na hata mkasi asingeweza kuushika.

"Tumpelekee fundi wa pale kona," mumewe akasema walipofika nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Mtaani walimwita Fundi Baridi, kwa kazi yake na pia kwa tabia yake, maana hata nyumba ikiungua huyu angeuliza kwanza kama kuna mtu amekwisha kunywa chai.

"Fundi wa kona? Yule aliyeshona sare za kwaya mpaka wakawa wanaimba wameshika zipu?"

"Basi vaa gauni jingine. Unayo mengi."

"Mama anakuja kuona hili. Hili! Unanielewa?"

Fundi Baridi alimtazama mkewe anavyofuta machozi kwa plasta, akaona haitakuwa siku ya mzaha. Akakuna kichwa. "Basi nitakata mimi."

"Wewe?"

"Kwani kukata ni nini? Mimi nakata mabati kila siku."

"Mabati!" Mama Sindano nusura azirai. Lakini ukweli ni kwamba mchagua jembe si mkulima, na jembe lililokuwepo ndilo hilo, lenye mikono ya grisi. Akamwamuru akaoge mpaka viwiko. Akakagua kucha zake moja moja. Akamrudisha akaoge tena.

Wakaanza mchana, mwanga ukiwa mzuri. Wakatandika shuka safi sakafuni, kitambaa juu yake, karatasi za saruji juu ya kitambaa. Yeye akakaa kwenye kigoda kipya na kuwa kichwa, mumewe akapiga magoti akawa mkono. "Angalia ndege. Vichwa vyote viende juu. Usinikatie ndege anayeanguka." Fundi Baridi akachora kwa chaki, akapima kwa rula yake ya chuma, akapima tena, kisha akachukua mkasi na kukata bila hata kuvuta pumzi. Mama Sindano alifumba macho. Sauti ya mkasi ikapita katikati ya moyo wake.

"Umeshakata?"

"Nimeshamaliza mgongo. Fumbua, bado mzima."

Na kweli, ulikuwa umekatwa vizuri! Mstari umenyooka kuliko hata wa kwake. Alishangaa, akaona wivu kidogo, akauficha.

Mbele ikakatwa, kola ikakatwa. Sasa mikono. Karatasi ya mkono ilikuwa moja tu, kwa sababu kwa kawaida kitambaa hukunjwa mara mbili na mikono yote hutoka kwa pamoja. Lakini kitambaa hiki kilikuwa cha kupunja, na kilichobaki hakikutosha kukunjwa. Ilibidi kila mkono utafutiwe nafasi yake. "Weka karatasi hapa," Mama Sindano akaelekeza. "Chora. Kata. Haya, sasa weka pale, karibu na pindo. Chora. Kata. Basi!" Mume alifanya kama alivyoambiwa, herufi kwa herufi. Vilivyobaki sakafuni vilikuwa vijipande vya kufutia miwani.

Siku zilizofuata Fundi Baridi alishona kila akitoka kazini. Alikanyaga cherehani kwa mwendo wa mtu anayekwenda posta, polepole, bila wasiwasi. Mabega yakakaa, kiuno kikakaa. Mama Sindano akaanza hata kumsifia, naye akaanza kupiga mluzi. Ndipo wakafika kwenye mikono. Akaipiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kujaribia tu. Mkono wa kushoto ukaingia kwapani kama umezaliwa pale. Wa kulia ukakataa. Ukajikunja, ukavimba nyuma, ukabana mbele.

"Lete," Mama Sindano akasema. Akaifumua yote miwili kwa meno na mkono mmoja, akaweka mkono mmoja wa gauni juu ya mwingine, rangi zote zikitazama juu. Ikalaliana sawasawa, ukingo kwa ukingo, bila tofauti hata ya uzi. Mikono ya gauni haitakiwi kulaliana hivyo. Inatakiwa kutazamana, kwa sababu upande wa mbele umechimbwa zaidi kuliko wa nyuma. Hii haikutazamana. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Hukuigeuza karatasi!"

"Uliniambia niigeuze?"

"Kila mtu anajua mkono wa pili unageuza karatasi!"

"Kila mtu nani? Mimi najua friji. Si tugeuze kitambaa chenyewe?"

"Ili ndege wawe ndani na mimi nitembee nimevaa makovu yao?"

Fundi Baridi akaweka chini sindano. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alionekana amepata joto. "Mama watoto, kila neno ulilosema nimelifuata. Uliposema weka, nikaweka. Uliposema kata, nikakata. Kama kuna neno sikulisikia, nitajie."

Hakuwa na la kutaja. Na hilo ndilo lililomuuma kuliko mkono uliovunjika. Hakusema "geuza" kwa sababu hakujua kwamba huwa anageuza. Miaka yote hiyo ni mkono wake uliokuwa ukiigeuza karatasi, wenyewe, bila kumwambia. Alidhani ujuzi wote uko kichwani, kumbe kichwa kilikuwa abiria tu, na dereva sasa amefungwa plasta. Aliona aibu. Badala ya kuomba radhi, akatoka akafunga mlango kwa kishindo. Ndivyo tulivyo binadamu.

Mama aliwasili kesho yake na kukuta nyumba imenuna. Mkwe anamkaribisha kwa heshima zote lakini hamtazami mkewe, mke anaandaa chai kwa mkono mmoja na kugonganisha vikombe.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi nani ameiba? Semeni. Macho yamekwenda, masikio bado yapo, na humu ndani nasikia watu wawili hawaongei."

Wakamweleza, kwa kupokezana na kukatizana. Mama akataka aletewe gauni. Akalipokea mapajani, akapapasa mishono ya mabega, akaiinua mpaka puani, akaikagua kipande kwa kipande. Kisha akaiweka mikono miwili ya kushoto mmoja juu ya mwingine, akapitisha kidole ukingoni.

"Mkwe wangu," akasema, "umeshona vizuri."

"Asante, mama."

"Na wewe," akamgeukia binti yake, "lete huo mkono wako wa kulia." Akaipapasa plasta kutoka vidoleni mpaka kiwikoni, taratibu, halafu akachukua mkono mmoja wa gauni na kuupima mzunguko wake kwa vidole. "Hebu nieleze. Kama mngekata sawa, huu mwembamba hivi, hili gogo lingepita wapi?"

Fundi Baridi akatazama plasta. Mama Sindano akatazama gauni. Mkono wa gauni ulikuwa wa kumbana mtu mwembamba, na plasta ilikuwa bomba. Hata kidole gumba kisingepita. Walikuwa wamenuniana usiku kucha kuhusu mkono ambao usingevalika hata kidogo!

Aliyeanza kucheka ni Fundi Baridi. Alijaribu kujizuia, akakohoa, akashindwa. Mama Sindano akamkata jicho, kisha naye kicheko kikamtoka puani, kikatoka mdomoni, akalazimika kukaa. "Loo! Na mimi nimemnunia mtoto wa watu!" Akamshika mumewe bega kwa mkono mzima. "Nisamehe, baba. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo."

"Yamekwisha," mumewe akasema. "Kuna aliyekunywa chai?"

Mama akatoa shauri: mikono mirefu ife, izaliwe mifupi. Kila mkono ukatwe upya kutoka kwenye kitambaa cha ule mrefu. Vidole vya mama vilitetemeka, vya binti vimefungwa, kwa hiyo mkwe akarudi magotini. Safari hii alikuwa na wasimamizi wawili, na maskini hakupewa nafasi ya kupumua. "Geuza karatasi!" "Nimegeuza, mama." "Ameigeuza?" "Ameigeuza." "Vichwa vya ndege?" "Viko juu." "Geuza!" "Jamani, nikigeuza tena itarudi ilikotoka!"

Ikatoka mikono mifupi miwili ya kufika kiwikoni, ikitazamana kama majirani wema. Akaipiga bandi. Ikabaki kujaribu, na kuvua na kuvaa nguo ukiwa na plasta ni kazi ya kusaidiwa na watu. Fundi Baridi akaona njia ya mkato. "Mama, si mna umbo moja? Simama wewe, nipachike pini."

Mama akajichekea. "Mimi? Mikono yangu imelegea, nitaiaibisha nguo." Lakini alishaanza kuinuka.

Binti akampeleka chumbani, akamvalisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja kwa vidole vya kushoto visivyozoea. Likamkaa. Mabegani, kiunoni, likamkaa kabisa. Akamsimamisha mbele ya kioo, na mama akatazama mbele, akatikisa kichwa: huko kwenye kioo hakukuwa na kitu ila ukungu wa bluu. Akainamisha uso. Akauinua mkono wake, akauleta karibu, karibu zaidi, mpaka kitambaa kikakaribia kope. Akatulia hapo.

"Nawaona," akasema.

Mama Sindano akamnyoosha kola.

"Unajua sikukinunua kwa ajili yako?" Mama aliongea na mkono wa gauni, hakumtazama binti yake. "Nilikinunua nijishonee. Nikakiweka. Kila nikishika mkasi, naogopa. Nasema nitaharibu, kizuri hivi nitakipata wapi tena? Ulipopata kazi nikaona nikupe wewe, mwenye mkono thabiti. Nikakukabidhi na woga wangu humohumo, nawe ukauweka juu ya kabati."

"Na wote wawili tumekatiwa na fundi wa friji," binti akasema.

"Asiyejua haogopi. Mungu amweke."

Mama Sindano alimtazama mama yake aliyeinama vile, akafikiria ukumbi wa hospitali. Yeye mwenyewe atasimama mbele, kwenye jukwaa. Mama atakaa kwenye kiti cha wageni, na ataona nini kutoka pale? Ukungu unaotoa shukrani. Ndege wote wale juu ya mwili wake, na hata mmoja hatamfikia aliyekuja kuwatazama.

"Usilivue," akasema.

"Nisilivue vipi? Ni la sherehe yako."

"Ndiyo. Sherehe ni yangu, naamua mimi nani avae nini."

"Na wewe uende uchi?"

"Mama! Nina kabati zima."

"Mkwe!" mama akaita kupitia mlangoni. "Mkeo ameanza kuweweseka!"

"Mwache tu, mama," Fundi Baridi akajibu kutoka kwenye cherehani. "Nipe hilo gauni kidogo nifunge mikono, halafu mtajijua."

Siku ya sherehe Mama Sindano alivaa gauni lake la kijani la kila siku, la mikono mifupi. Wenzake walinong'ona. Walitegemea makubwa, huyu aliyekuwa akiwatolea gauni jipya kila mara, na leo ndiyo kavaa lile la Jumatatu? Hakujali. Alisimama jukwaani, plasta imeandikwa majina ya watu mpaka hakuna nafasi, na mganga mkuu akaanza hotuba ndefu juu ya uaminifu kazini. Mbele kabisa, kiti cha kwanza, mama yake alikuwa hasikilizi hotuba. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umeinuliwa mpaka usoni, anasoma ndege mmoja baada ya mwingine. Fundi Baridi kakaa ubavuni mwake, kifua mbele, anajifanya haangalii mishono yake.

Ghafla mama akaita. Wazee wakiita hawajui kunong'ona, na ukumbi mzima ulisikia.

"Mwanangu! Kumbe hawa ndege wana macho!"

Mganga mkuu akakatiza hotuba. Mama Sindano alikitoa kitambaa kile kwenye foronya mara ngapi, akakikunjua, akakipapasa, akakirudisha? Hakuwahi kuona jicho. Akaomba radhi kwenye kipaza sauti, akashuka ngazi za jukwaa, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Wapi, mama?"

"Hapa. Sogea. Sogea zaidi, unaogopa nini?"

Akasogeza uso wake mpaka shavu likagusa shavu. Kweli lilikuwepo, tone jekundu, dogo kuliko kichwa cha pini. Wakalitazama pamoja, na watu wakasubiri.